Farasi Wanane kwa Ukuta Mmoja

Bi Sihaba alivua bangili zake mbili za dhahabu, akaziweka juu ya meza ya duka, akauliza swali ambalo Majaliwa hakulitarajia.

"Katika mashine hizi mbili, ipi inayochubua?"

Mashine zenyewe zilikuwa za petroli, za kuoshea kwa maji ya nguvu. Zilikuwa zimekaa dukani kwa Taherali miezi minane, na Majaliwa ndiye aliyemshawishi tajiri wake aziagize. Asubuhi ile Taherali alikuwa amemwambia, bila hata kuinua macho: "Leo Ijumaa. Jua likizama hujauza hata moja, rudi kwenu Vigwaza ukachome mkaa."

"Shikamoo, mama," alisema Majaliwa, maana salamu zilikuwa zimerukwa.

"Marahaba. Ipi?"

"Kwa nyumbani chukua hii ndogo. Ina nguvu za farasi watatu. Hainywi petroli nyingi, haina makelele, inaosha baraza na ukuta unabaki salama. Hii kubwa ina farasi wanane, ni ya malori yenye tope. Ukiielekeza kwenye nyumba, chokaa yote chini."

"Yote?"

"Yote, mama. Sitaki kukudanganya."

Bi Sihaba alitabasamu kama mtu aliyeletewa habari za mwanawe. "Njoo nazo mbili, nizijaribu. Nikiipenda moja, bangili zibaki. Nisipoipenda, nirudishiwe zangu. Lakini uje saa sita na nusu. Si kabla."

Taherali alizipima bangili kwa macho, akazitia kwenye mtoto wa meza.

Saa sita na nusu adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha, na wanaume wa mtaa wote walikuwa msikitini. Majaliwa alimwomba Mungu radhi kimoyomoyo, akaendelea kusukuma mkokoteni. Bi Sihaba alitembea mbele, upesi.

"Sijapata kukuona dukani, mama."

"Nilikuwa ndani, miezi mitatu."

"Pole. Ulikuwa unaumwa?"

"Niliumwa. Sasa nimepona kabisa."

Ilikuwa nyumba ya mawe, nyeupe pe, chokaa yake ikinuka ubichi. Juu ya mlango palining'inia koja la asumini. Mapipa mawili ya maji yalikuwa yamekwisha jazwa, na upande wa pili wa njia majirani wanawake walikuwa wametandika mikeka, birika la kahawa katikati, kana kwamba wanangoja ngoma.

Bi Sihaba alipiga hodi. Mara tatu. Kimya.

"Unapiga hodi kwako mwenyewe, mama?"

"Ndivyo nilivyolelewa, mwanangu. Haya, washa."

Majaliwa aliutazama ukuta, akasita. "Chokaa hii mbona mpya?"

"Imetiwa buluu nyingi ya kung'arishia, inanitia kichefuchefu. Ukuta huu mimi nimeujua ungali mawe matupu. Nautaka vile vile."

Alianza na mashine ndogo. Maji yalitoka kwa adabu, yakapangusa vumbi barazani.

"Hicho kinatema mate tu!" alipiga kelele Chausiku, jirani mnene mwenye kikombe mkononi. "Leteni dume!"

Mikeka yote ikacheka. Majaliwa, aliyekuwa akiliona jua tu na mkaa wa Vigwaza, alivuta kamba ya ile kubwa. Mashine ilinguruma, mbuzi wakatimka, kunguru wakahama paa. Maji yaliupiga ukuta, na chokaa ikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Vigelegele vikalia.

"Nipe mimi!" alisema Bi Sihaba.

"Kaza miguu, mama, itakuangusha!"

Alijifunga kanga kiunoni, akaushika mpira kwa mikono miwili. Majaliwa alikuwa hajawahi kumwona mteja akijaribu bidhaa kwa moyo kama ule. Alianza upande wa kulia, akaenda kushoto, hakuacha hata kiganja cha weupe. Chini ya dirisha moja alikaa muda mrefu zaidi, mpaka udongo wa kati ya mawe ukaanza kutoka.

"Hapo pana uchafu gani?" aliuliza Majaliwa kwa sauti ya juu.

"Chumba cha kulala!"

Koja la asumini likang'oka, likaanguka kwenye tope jeupe. Hakuliokota.

"Na mimi nitaitaka moja," alisema Chausiku, "mume wangu akileta vyake!"

Mapipa yalipokauka, nyumba ilikuwa imesimama uchi, mawe yakichuruzika. Majaliwa alizima mashine. Masikio yalikuwa bado yanavuma, lakini moyo ulikuwa umetulia: mteja wa namna hii harudishi kitu.

Hapo honi ya gari ikasikika kutoka upande wa msikitini. Wanawake wa mikekani walisogea mbele wote kwa pamoja ili waone vizuri.

Teksi ilisimama. Alishuka bwana mmoja wa makamo, mwenye kanzu ya hariri na joho, akabaki kinywa wazi mbele ya ukuta. Majaliwa alitambua kuwa ndiye mwenye nyumba. Akaona asimwachie nafasi ya kupinga, akamkimbilia.

"Shikamoo, bwana. Hongera! Mkeo ana jicho la kuchagua vitu. Kaikataa ndogo, kaichagua hii..."

"Mke wangu?" Bwana yule alinyoosha mkono wake mmoja kuelekea garini, ambako msichana aliyefunikwa shela alikuwa akitoa mguu uliopakwa hina. "Mke wangu ni huyu, nimemwoa sasa hivi! Yule nimemwacha, eda yake imekwisha jana!"

Bi Sihaba alikuwa akikunja mpira taratibu, duara juu ya duara.

"Bangili zibaki, mwanangu," alimwambia Majaliwa. "Naichukua hii kubwa. Haji huyu ana nyumba nyingine Mlingotini."