Fungu la Tatu la Nyanya

Siku hizi choo cha kila nyumba humpima anayekitumia, na kesho yake nyanya za kumfaa huletwa mlangoni. Za Shekue hupunguzwa potasiamu kwa ajili ya figo. Za mkewe, Mwanaidi, huongezwa vitamini ya macho.

Mwanaidi aliporudi kutoka matangani alikuta mafungu matatu, nao nyumbani ni wawili tu. La tatu liliandikwa “mjamzito”, naye hedhi ilishamkatikia zamani.

“Mashine imekosea, Mama Hidaya,” alisema Shekue, macho kwenye kikombe. “Nitazirudisha.”

Akazitia mwenyewe kwenye mfuko, akaenda kuvaa viatu. Mwanaidi akauchungulia. Juu ya nyanya palikuwa na kitunguu, pilipili na ndimu mbili.

“Na ndimu, Baba Hidaya,” akauliza taratibu, “nazo mashine ilikosea?”