Ukuta wa Jikoni

Mwantumu aliporudi kutoka sokoni, fundi aliyeletwa na mdogo wake Athmani alikuwa amekwisha kupiga lipu ukuta wa jikoni. Michoro ya mkaa aliyoiacha marehemu bibi yao ilikuwa imefukiwa chini ya saruji mbichi: magunia mawili ya mtama, na mtoto wa kike katikati.

"Wageni wa posa wanakuja kesho, dada," alisema Athmani. "Wasijue kwamba bibi yetu alibadilishwa kwa mtama. Ni aibu."

"Aibu ni ya aliyembadilisha. Kaizike kwako. Hapa ni kwangu."

Akatua kikapu, akamwita binti yake, Chausiku, aliyekuwa akiposwa.

"Lete msumari, mwanangu. Mkaa ulikuwa unafutika kila masika, tunachora upya; saruji haifutiki. Chora gunia la kwanza. La pili. Bibi alikuwa na miaka saba, kwa hiyo mchore mfupi. Kisha alitoroka, akarudi kwao kwa miguu, siku tisa. Weka nyayo tisa."

"Watakataa kumwoa!" Athmani alifoka.

Chausiku alichora magunia, akamchora mtoto. Halafu akaweka msumari chini.

"Wakikataa, mjomba, waondoke wakijua walichokikataa."

Akakunja ngumi, akaikandamiza kwenye saruji, juu ya alama hiyo akabonyeza kwa ncha ya kidole alama tano ndogo za vidole vya mguu. Unyayo wa mtoto. Akaweka wa pili, wa tatu. Wa tisa ulifika kwenye fremu ya mlango, ukielekea sebuleni.