Mstari Mguuni

Kila nyumba ilikuwa na kidonge kimoja tu cha antibayotiki kwa miaka kumi, kimefungiwa kwenye kisanduku ukutani. Asubuhi nesi aliuzungushia mstari wa wino uvimbe wa mguu wa Shebwana, akamwambia mkewe, Rukia: "Bakteria wameingia chini ya ngozi. Saa sita jicho la kisanduku litatazama. Uvimbe ukivuka mstari, kitafunguka. Usipovuka, mwili utajipigania wenyewe."

Lakini Bi Mwanaharusi, mama yake Shebwana, alimwonea mwanawe huruma, akamkanda kwa maji moto ya mwarobaini. Wino wote ukatoka.

"Mama, umetumaliza!" Rukia alimaka. Ilibaki robo saa.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," mkwewe akamjibu, bila kumtazama.

Rukia akaugusa mguu. Ulikuwa wa moto, umekaza kama ngoma. Hakukumbuka mstari ulipita wapi, au alijitia hakumbuki. Akachovya kijiti kwenye piko nyeusi ya kujirembea iliyobaki ya Idi, akauchora upya, upana wa vidole vitatu ndani ya ukingo wa uvimbe.

Saa sita kisanduku kilifunguka. Shebwana akakimeza kidonge, na Rukia akashusha pumzi.

Hapo binti yao wa miaka minne, Mwanasha, akaja akichechemea, akapandisha gauni. Gotini palikuwa na kidonda alipojikuna baada ya kuumwa na mbu.

"Mama, na mimi nichore piko. Hapa panapouma."

Rukia akaliwekea goti kiganja. Lilikuwa la moto, limekaza kama ngoma.