Tita Lisilofunguliwa

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, Zamda alikwenda sokoni kununua kuni. Mama yake mgonjwa, aliyekataa chakula kwa siku tatu, alikuwa ameomba uji wa moto.

Zamda alishika kamba ya tita ili alifungue, atazame kuni za ndani.

"Jamani, dada huyu ananipekua kama mwizi!" muuzaji alicheka mbele ya watu. "Gonga ukuni wa juu, dada yangu, usikie unavyolia."

Zamda aligonga. Ukuni ulikuwa mkavu. Akaona haya, akajitwika tita bila kulifungua.

Nyumbani, kuni za nje ziliwaka upesi zikaisha. Za katikati zilikuwa mbichi, zikajaza moshi jikoni. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, uji bado?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Unakaribia, mama."

Mama hakuuliza tena.

Majirani walipoona moshi na kuingia, walimkuta mama amekata roho chumbani, na Zamda jikoni angali anapuliza. Uji ulikuwa vuguvugu. Kilichochemka ni utomvu tu, kwenye ncha ya ukuni.

Wewe uliyesoma haya, mwambie na mwenzako anayekwenda sokoni: afungue kamba kwanza, hata wakimcheka.