Kioo cha Mezani

Siku hizi kila meza ya kulia ina kioo kinachoonyesha ndani ya tumbo la mlaji. Mume wangu, Shaibu, alikuwa anakonda. Chakula changu anakisifu, lakini kiooni tumbo lake kavu, halitoi hata tone la maji ya kusagia chakula.

"Kitamu, mke wangu."

"Kumbe! Na mtalaka wako Mwanakheri, alikuwa akikupikia nini?"

"Yamepita hayo."

Yamepita! Tumbo lilichuruzika papo hapo, likajikunja, likaanza kuusukuma wali wangu kwenye utumbo mwembamba.

Sasa amerudisha mwili, na daktari ananiuliza nampikia nini. Nimwambie nini? Kwamba kila nikipakua, namtaja yule mwanamke kwa kinywa changu mwenyewe?