Mnunuzi wa Vifaa vya Marko

Cecil alikuwa ameshanunua mwiko, nyundo mbili na chepe, vyote vikuukuu, kwa bei ambayo dukani Masasi angepata vipya na chenji ya chai ikabaki. Leo, Jumamosi ya nne, akaegesha tena baiskeli yake uani kwa Mama Godwin.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna kifaa kingine cha marehemu?"

Mama Godwin aliinamisha macho. Kila alipoulizwa swali hilo aliinama hivyo hivyo, kisha akaingia ndani. Cecil alijua ni uchungu wa ujane, na roho ikamchoma upya. Aliyemfanya mjane ni nani, kama si yeye?

Kanisa lao pale Chiungutwa lilikuwa linajengwa kwa kujitolea. Huyu analeta matofali, yule anachota maji, asiye na kitu analeta mikono yake. Marko, mume wa Mama Godwin, alikuwa fundi wa kuta. Cecil, mtu wa korosho asiyejua hata kuchanganya saruji, alipewa kazi ya kufunga jukwaa la miti la mafundi kusimamia. Jioni moja alilifunga haraka haraka, kwa kamba mpya ya njano iliyonunuliwa kwa sadaka, huku akili yake yote iko kwenye mnada wa korosho. Asubuhi yake Marko, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kufika, akapanda. Jukwaa likaachia.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyemnyooshea Cecil kidole. Ile miti, na kamba zake zikiwa bado zimeizunguka, ilibebwa siku ile ile ikaenda kupikia ugali wa msibani. Cecil hakuthubutu kulitazama lile rundo. Atazame nini, mafundo yake yaliyomuua rafiki yake?

Tangu hapo usingizi ukamhama. Mkewe alipomuuliza anaumwa nini, alijibu tumbo. Jamani, tumbo gani la miezi miwili! Ndipo akasikia Mama Godwin anauza vifaa vya mumewe, akaona hapo walau atapata pa kupumulia. Alinunua bila kuomba apunguziwe hata senti, kisha akavipeleka kimyakimya kwenye stoo ya kanisa na kuviacha mlangoni. Mafundi walivishangilia, maana vya kanisa vilikuwa vimepungua sana. Kazi ya wengi ndivyo ilivyo. Hivi vilifanana navyo kabisa, ila vya kanisa vilipakwa rangi ya bluu kwenye mpini, na hivi vilizungushiwa mpira wa baiskeli. Marko bwana, alijua kutunza kifaa!

Lakini kununua hakukumponya. Ndiyo maana leo njia nzima alikuwa akijiapia: nasema, hata akinifukuza kwa mchi nasema.

Mbuzi wa Mama Godwin alikuwa ameingia kwenye mihogo ya jirani. Cecil akamswaga kwa jiwe.

"Huyu mbona humfungi, shemeji? Atakugombanisha na watu."

"Hana kamba," sauti ikajibu kutoka ndani.

Alipotoka alikuwa ameficha kitu ndani ya khanga. Cecil akamvutia kigoda.

"Mama Godwin, kaa kwanza. Nina neno zito."

"Na mimi ninalo. Niache nianze, shemeji, maana nikichelewa nitashindwa." Machozi yalikuwa yameshamlengalenga. "Nimekula hela yako wiki zote hizi, na haya sina. Watoto walikuwa na njaa. Nimekuona unavyovirudisha kanisani bila kumwambia mtu. Nikasema, kumbe shemeji alijua tangu mwanzo, akaamua kutusitiri. Mungu akulipe."

"Nilijua nini?"

Mama Godwin hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Alikuwa anaogopa kunyamaza.

"Alikuwa anavileta kimoja kimoja, anafunga mipira kuficha rangi. Alikuwa na mtu wake Masasi wa kumuuzia. Nilimsema sana, hakunisikia. Mimi na wewe tu ndio tunaojua, na nakuomba yaishie hapa hapa, kwa ajili ya Godwin."

Akafunua khanga, akaweka juu ya kigoda kamba ya njano, imekunjwa vizuri, haina hata vumbi.

"Hii ndiyo ya mwisho. Siku ile ya kufa kwake aliileta alfajiri, mbio mbio. Akamfungua mbuzi, akaondoka na ile kamba yake kuukuu. Alisema itashika tu."