Rangi Tatu za Kamaliza

Tangu mwaka uanze, mashati ya Ladislas yalikuwa yanapoteza vifungo vingi kuliko mashati ya Karuba nzima. Kila akiteremsha maziwa kutoka malishoni, lazima kimoja kiwe kimekatika, na lazima akipeleke kwa Uwimbabazi, fundi wa kushona karibu na kanisa. Uwimbabazi alikuwa ameshaacha kujidanganya. Alimpenda, na alikuwa anasubiri siku kijana huyo atakapofungua mdomo.

Siku hiyo aliufungua.

"Dada, unishonee kitambaa ya kuvaa ku mabega. Ya fête, ya sherehe. Siku ya posho namuleta Kamaliza mbele ya wazazi."

Sindano ikamchoma Uwimbabazi kidole. Akauliza, kwa sauti ya kikazi kabisa, huyo Kamaliza ana rangi gani, maana nguo huchaguliwa kwa ngozi.

"Iko mweusi, anangaa. Na macho, dada, makubwa! Usipime kidogo, iko na mwili."

Hapo Uwimbabazi akafarijika kidogo. Mungu amsamehe.

"Na unataka rangi gani?"

"Chagua wewe. Zile unapenda, njo hizo."

Alipobaki peke yake, shetani alimwonyesha kipande cha kahawia iliyopauka. Angeweza kumvika huyo mwenye mwili rangi za gunia, watu wacheke mpaka Mushaki. Moyo ulikubali, mikono ikakataa. Mikono ilijua kanuni yake: rangi tatu, wala si nne. Moja iongoze, ya pili ifuate, ya tatu iwe kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga ya sombe. Juu ya ngozi nyeusi, njano ikaongoza. Nyekundu ikafuata. Nyeupe akaipitisha ukingoni, mstari mwembamba. Kitambaa kilipokamilika kilikuwa kizuri hata akalia.

Mama Mukamurenzi, mteja wa maziwa ya Ladislas, alimkuta hivyo.

"Mama, unamujua Kamaliza?"

"Namujua sana! Kila asubuhi Ladislas anamuimbia. Hata mvua inyeshe." Akafunika mdomo kwa kitenge, akaondoka haraka.

Anamwimbia! Uwimbabazi hajawahi kuimbiwa hata ubeti mmoja. Yeye alikuwa anapata vifungo.

Jumamosi, ndiyo ile siku ya posho, mama yake, Athanasie, alimwambia apike, afagie ua, kisha aoge na kuvaa vizuri, kwa sababu baba ana wageni. Alipika. Kufagia alifagia kwa hasira. Kuvaa alikataa, nani ajipambe siku kama ile? Alikuwa bado na gauni la shamba, majivu hadi kwenye nyusi, alipoziona zikishuka kilimani: njano mbele, nyekundu, na ule mstari mweupe. Zilionekana kutoka mbali sana, kama alivyokusudia. Wazee wenye fimbo na kofia walikuwa wanazizunguka wakiimba, na katikati yao Ladislas, ndani ya shati lenye vifungo vyote.

"Wapite upesi," alijiombea, akajificha nyuma ya ufagio, ambao haukumficha hata sikio.

Hawakupita. Baba yake aliwafungulia ua huku akicheka. Kamaliza akainamisha pembe zake mbili ndefu, akaingia na kitambaa chake mabegani, akaanza kula maua ya Mama Athanasie.

Athanasie hakujali maua. Alimnyang'anya binti yake ufagio.

"Ingia uvae, mutoto! Unataka mahari yako ikushinde kwa kuvaa?"